Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kukodishia Wageni Nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa

Ukitaka kuwakodishia watalii ghorofa moja ya nyumba ya ukoo pale Ndia Kuu, Kibokoni au Mkanyageni, usianze na vitanda wala mapazia. Anza na karatasi, na ya kwanza ni ile inayoonyesha nyumba ni ya nani.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mombasa mtu huweza kumiliki nyumba bila ardhi: kuta ni zake, kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi. Soma makubaliano yenu, kisha umwombe mwenye ardhi barua ya ridhaa. Nyumba ikiwa ya wakfu, usiiguse bila idhini ya maandishi ya msimamizi wake. Na kama ni mirathi ambayo haijagawanywa tangu babu afariki, familia za Kiislamu zipeleke shauri Mahakama ya Kadhi kwanza. Warithi wote watie saini na wamtaje mmoja wao kuwa mwombaji. Sisi tulingoja miezi minne saini ya ami yetu aliyeko Muscat, na kosa lilikuwa letu: tulimpigia simu mwisho, ilhali yeye ndiye mkubwa.

Hatua ya pili ndiyo iliyo moyoni mwangu. Mji wa Kale ni eneo la turathi, na Makumbusho ya Taifa yana ofisi maalumu ya kuuhifadhi. Kabla fundi hajashika nyundo, wapelekee picha za nyumba nje na ndani, mchoro wa kazi unayokusudia, na orodha ya vifaa. Ukivunja ukuta au kuongeza choo, utahitaji pia idhini ya ujenzi ya kaunti. Waulize wahifadhi waziwazi kuhusu mlango wa kuchonga, roshani, na mahali pa kufunga kiyoyozi kisionekane barabarani.

Wala usiione ziara hiyo kuwa usumbufu. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu wenye chumvi hunaswa ndani, rangi hubanduka, na boriti za mikoko huanza kuoza pale zinapoingia ukutani. Kwetu fundi alipiga saruji ukumbi mzima ili upendeze upesi. Masika mawili hayakupita tukaibandua yote na kurudia chokaa. Na tangi kubwa la maji usilipandishe juu kabla mtu anayejua hajazipima boriti hizo.

Baada ya hapo mambo ni mepesi zaidi. Uwe na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, kisha uombe leseni ya biashara katika Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Maafisa wa afya na zimamoto watataka kukagua, kwa hiyo nunua mtungi wa kuzimia moto mapema na uhakikishe ngazi haina mizigo. Ngazi za nyumba zetu ni nyembamba, na usiku wa moto ndizo njia pekee ya kutokea.

Halafu omba leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ambayo watu huiita TRA, chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Nyumba za wageni wa siku chache zimo katika usimamizi wake. Leseni huhuishwa kila mwaka. Ada za serikali kuu hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa nambari ya malipo 222222; mtu akikupa namba yake binafsi ili "akuharakishie", usitume kitu. Uliza pia Mfuko wa Utalii kuhusu tozo yao ya asilimia 2 ya mapato, uiingize katika bei tangu mwanzo.

Kabla mgeni wa kwanza hajafika, piga hodi kwa majirani wa kichochoro chako, uwape namba yako ya simu. Waandikie wageni karatasi fupi: gari lao litaishia wapi, muziki uzimwe saa ngapi, na wavae nguo za stara wakipita mbele ya misikiti. Weka daftari la majina na pasipoti mahali penye kufuli. Leseni zote zitundike ukutani karibu na mlango, mkaguzi azione bila kupita vyumbani.