Kabla hujaweka seva mbili za DNS kwenye mashine moja

DNS, mfumo unaogeuza majina ya vikoa kuwa anwani za IP, ina kazi mbili ambazo ukiziangalia kwa nje hufanana sana. Ya kwanza ni kuwajibu walimwengu wote wanaouliza habari za kikoa chako: tovuti iko anwani gani, barua pepe zipelekwe wapi. Hiyo ni kazi ya seva ya mamlaka. Ya pili ni kuwatafutia watu wako habari za vikoa vya wengine, kisha kuyahifadhi majibu kwa muda ili anayeuliza baadaye asisubiri. Hiyo ni kazi ya seva ya kache. Zote mbili hutumia poti 53 na itifaki ileile, na BIND, programu maarufu ya seva za DNS, imekuwa ikizifanya zote ndani ya programu moja kwa miaka mingi, kwa hiyo wengi huzichukulia kama kazi moja. Tofauti yao ni kubwa. Seva ya mamlaka haichagui wa kumjibu. Seva ya kache haipaswi kumjibu yeyote isiyemjua. Mashine moja inaweza kubeba zote mbili bila tabu, mradi uwe umeamua mapema nani atajibiwa na ipi, na kupitia anwani gani.

Basi anza na anwani. Hesabu anwani za IP ulizonazo, za IPv4 na za IPv6, kwa sababu programu mbili haziwezi kushika anwani moja na poti moja kwa wakati mmoja. Rekodi ya NS, ile inayotaja seva za mamlaka za kikoa, haina mahali pa kuandika namba ya poti, kwa hiyo seva ya mamlaka lazima ipate poti 53 kwenye anwani ya nje. Kache iwekwe kwenye 127.0.0.1 na kwenye anwani ya mtandao wa ndani. Ikiwa watumiaji wa kache nao wanakufikia kupitia anwani hiyohiyo moja ya nje, utalazimika kutanguliza kigawanyaji cha maswali kama dnsdist mbele ya seva zote mbili, au kutumia mitazamo (views) tofauti ndani ya BIND, yaani kumjibu kila muulizaji kulingana na anakotoka. Yote mawili yanawezekana, ila mimi ningetafuta anwani ya pili kwanza. Usanidi unaoeleweka kwa kuusoma mara moja una thamani kubwa siku ambayo mambo yamekwama na simu zinaita.

Taja kila anwani kwa jina lake kwenye usanidi. Usiiache programu isikilize kila mahali kupitia 0.0.0.0. Kwenye Linux nyingi systemd-resolved, huduma ya mfumo ya kutafuta majina, huwa imeshakaa kwenye 127.0.0.53, na programu inayotaka anwani zote hugongana nayo ikashindwa kuwaka. Lipo pia tatizo lisiloonekana haraka: mashine yenye anwani kadhaa inaweza kupokea swali kwa anwani moja na kujibu kwa nyingine, na muulizaji akalitupa jibu kwa kuwa limetoka kwa asiyemuuliza. Kabla ya kusakinisha chochote, tazama kwa amri ya ss ni nani ameshika poti 53, upande wa UDP na wa TCP, njia mbili ambazo maswali ya DNS husafiria.

Kuhusu programu, ushauri wangu ni kutumia mbili, si moja. NLnet Labs wana NSD kwa mamlaka na Unbound kwa kache. CZ.NIC wana Knot DNS na Knot Resolver. PowerDNS nao wana programu mbili, na tangu toleo 4.1 la mwaka 2017 ile ya mamlaka imeacha kupokea maswali ya kutafutiwa majibu. Zikitengana, hitilafu ya upande mmoja haiuangushi mwingine, unaweza kuiwasha kache upya bila kugusa vikoa vyako, na kila usanidi unabaki mfupi.

Kisha andika orodha ya wanaoruhusiwa kutumia kache. Kache iliyo wazi kwa wote ni silaha mikononi mwa wahalifu: mtu hutuma swali dogo akighushi anwani ya anayetaka kumshambulia, na seva yako inamtupia mlengwa jibu kubwa mara nyingi zaidi ya swali. Mwezi Machi 2013 Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka, walishambuliwa kwa njia hiyo hadi takribani gigabiti 300 kwa sekunde, ingawa RFC 5358 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti) ilikuwa imekwisha kuonya tangu 2008. Taja masafa ya anwani waziwazi, uyaweke kwenye programu na pia kwenye fayawoli. Chunga hasa neno localnets la BIND, lenye maana ya mitandao yote ambayo mashine imeunganishwa nayo moja kwa moja. Kwenye mashine ya kukodi, mtandao unaokuzunguka unaweza kuwa umejaa mashine za watu usiowajua, na neno hilo huwafungulia wote mlango.

Jambo linalohitaji fikra zaidi ni zoni zilizosahaulika, yaani data za vikoa zilizobaki kwenye seva yako ya mamlaka. Tuseme unahifadhi kikoa cha mteja, naye anakihamishia kwingine bila kukuarifu. Dunia nzima itafuata rekodi mpya za NS. Lakini kama programu yako moja ndiyo mamlaka na ndiyo kache, itatazama faili yake kwanza, na watumiaji wako wataendelea kupewa anwani ya zamani. Barua wanazomwandikia mteja huyo zitaishia kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Kosa hili huweza kukaa miezi, maana kila anayelichunguza kutoka nje haoni kasoro. Dawa yake ni kuiacha kache ishuke kuanzia kwenye mzizi, kilele cha DNS, kama kache nyingine yoyote, hata inapotafuta vikoa vyako mwenyewe. Hupotezi kitu cha maana, na unaona kile ambacho wengine wanakiona. Pamoja na hilo, amua nani atakuwa akilinganisha orodha ya zoni zako na rekodi za NS zilizoko kwenye kikoa mzazi (kama .com), na lini.

Hali ni hiyohiyo kwa DNSSEC, utaratibu wa kusaini rekodi ili majibu yahakikiwe. Seva ya mamlaka hutoa jibu lake bila kulihakiki. Saini zikiisha muda, watumiaji wanaosomewa moja kwa moja kutoka kwenye faili wataona kila kitu kizima, wakati kache zinazohakiki kwingineko zinarudisha SERVFAIL, yaani zimeshindwa kujibu. Kache inayopita njia ya kawaida na kuhakiki itakugutusha mapema, pamoja na wenzako.

Njia ya mkato, yaani kache kuiuliza seva yako ya mamlaka moja kwa moja, ibaki kwa zoni za ndani pekee, zile zisizoonekana duniani. Ukitumia Unbound, kumbuka kwamba kwa kawaida inakataa kuuliza 127.0.0.1; lazima uweke do-not-query-localhost kuwa no, la sivyo zoni ya ndani haitajibika na utaanza kumtafuta mchawi kwenye NSD. Na kama kikoa mzazi kimesainiwa ilhali zoni ya ndani haijasainiwa, itaje kwenye domain-insecure ili kache isiidai saini.

Kumbukumbu ya mashine nayo igawe mapema. Matoleo mengi ya BIND huiruhusu kache ifikie asilimia 90 ya kumbukumbu yote isipowekewa kikomo, jambo lisilofaa pale inapoishi na jirani. Fungua TCP pamoja na UDP. Udhibiti wa kasi ya majibu uwekwe upande wa mamlaka. Saa ya mashine iwe sahihi, kwa kuwa uhakiki wa saini na funguo za TSIG, zinazothibitisha mawasiliano kati ya seva, huitegemea. Na kwa kuwa mashine inayowaka ikiwa na saa mbovu inaweza kushindwa kupata hata jina la seva ya saa, weka angalau seva moja ya saa kwa namba ya IP.

Mashine moja haitoshi kuwa mamlaka pekee ya kikoa. RFC 2182 ya mwaka 1997 inataka seva za ziada zikae sehemu nyingine, mbali kijiografia na kwenye mtandao tofauti. Tafuta ya pili kabla ya siku ya kuhamishia vikoa vyako kwenye mashine hii, na uiruhusu hiyo tu kunakili zoni.

Jaribu ukiwa nje ya mtandao wako, kwa dig, amri ya kuuliza DNS. Uliza anwani ya nje kuhusu kikoa chako: alama ya aa (jibu la mamlaka) iwepo, ra (seva hutafutia majibu) isiwepo. Uliza anwani hiyohiyo kuhusu kikoa cha mtu mwingine: ikujibu REFUSED, yaani imekataa. Rudia kwa +tcp na kwa IPv6. Ukiwa ndani, iulize kache kikoa chako, isitoe aa.

Siku chache kabla ya kuhamisha, punguza TTL za rekodi zako, yaani muda ambao kache huruhusiwa kuzihifadhi. TTL ya NS iliyoko kwa mzazi huwezi kuigusa, kwa .com ni sekunde 172800, yaani siku mbili. Kwa hiyo seva ya zamani iendelee kujibu, ikiwa na data ileile, hadi muda huo upite.