Mvua ya Dodoma ipo, ila inakimbia shamba lako

Wakulima wenzangu wa Chamwino, Bahi na Kongwa, kila mwaka ikifika mwezi wa pili ni kilio kilekile, mvua imekata mahindi yanakauka, ila ukiuliza ile ya mwezi wa kwanza ilienda wapi hakuna anayejibu. Ilienda korongoni.

Huku tunapata kama milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka, msimu mmoja tu. Sasa milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwaio mvua ya milimita 20 kwenye heka (ekari) moja ni kama lita 80,000, yani madumu 4,000 yale ya lita 20! Na shamba umeberega tu, yani umefyeka bila kulima, juu pagumu kama sakafu, maji yanateremka na samadi yako yote.

Mahindi yakiwa madogo jua yanalivumilia, mchana majani yanajikunja jioni yanakunjuka, usiogope. Pabaya ni pale yanapotoa mbelewele na ndevu, maana kila punje ina uzi wake mmoja wa ndevu, zikikauka kabla hazijapata chavua unavuna gunzi lenye mapengo hata mvua ikirudi baadae. Maji ya kuvukia hapo lazima uwe umeshayaweka ardhini.

Kabla ya mvua piga matuta yakinge mteremko, halafu kati ya tuta na tuta ziba kwa udongo kila baada ya hatua mbili hivi, maji yakae. Kwenye mbuga ya udongo mzito usizibe yote, mahindi hayataki maji yaliyosimama. Kama nguvu ndogo chimba mashimo ya Chololo, yalianzia kijiji cha Chololo hapahapa Dodoma, upana kama sentimita 22 na kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90, udongo weka upande wa chini, tia samadi. Kazi ipo jamani, mgongo utauma mwaka wa kwanza, mwakani unafukua tu.

Na mabua msichome, tandazeni. Palizi ya kwanza isipite wiki ya tatu, magugu yanakunywa maji hayohayo. Ila kwa ukweli sehemu kavu kabisa mi nashauri mtama, mbegu ya Macia inawahi kukomaa, na mtama, jua likizidi unatulia tu mpaka mvua irudi ndo unaendelea, cha msingi uwe na mtu wa kuamia ndege.