Simiti imepungua, wawili hawasemezani: namna ya kuwakalisha chini

Mwongozo huu ni wa msimamizi mwenye wafanyakazi wawili walionuniana na kazi inaanza kuharibika. Tuchukue duka la hadware mjini Kisumu. Mama wa stoo anasema kijana wa kaunta hutoa mzigo bila karatasi. Kijana anasema mama huwakawiza wateja, mkokoteni ukingoja nje. Mifuko 6 ya simiti haionekani.

Hatua ya 1: Tenga kilichoonekana na kinachosemwa

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika kinachoweza kuhesabiwa au kuonyeshwa: "Jumanne kitabu kilikuwa na mifuko 140, tukahesabu 134." Kulia andika maneno kama "anaringa", "mwizi", "hanipendi". Ni upande wa kushoto tu utakaoingia nao kikaoni. Ukikosa hata mistari mitatu kushoto, hujawa tayari, rudi ukahesabu.

Kagua pia kazi yenyewe kabla ya kukagua tabia za watu. Kama kijana analipwa kamisheni kwa mauzo na mama analaumiwa kwa kila upungufu, umemlipa mmoja akimbie na umemtisha mwingine ajivute. Hapo hata ukiajiri watu wapya, mwezi wa pili watagombana vilevile.

Hatua ya 2: Mwone kila mmoja peke yake

Siku moja, dakika 20 kila mmoja. Aanze mwenye umri mkubwa, na usimfiche kijana kwamba ndiyo sababu. Maswali matatu yanatosha: Ilikuwaje? Kinachokuumiza zaidi ni nini? Kazi ikienda sawa kesho, utajuaje? Usiahidi kutunza siri ambayo huenda ukalazimika kuitoa.

Hapa ndipo pa kuchuja. Ukisikia habari za wizi, kupigana au kusumbuliwa kingono, acha mazungumzo ya maelewano. Hayo si ya kupatanishwa. Huo ni utaratibu wa nidhamu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka mtuhumiwa, kabla ya kuachishwa kazi, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anayemchagua.

Hatua ya 3: Mahali, saa, lugha

Si kwenye kaunta, na si kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Epuka mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa unangojewa. Saa tisa alasiri, baada ya lori kushusha mzigo, ni saa nzuri. Viti vitatu, pasiwe na meza ya bosi katikati.

Zungumzeni Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ukimtupia mama neno moja la Kijaluo, na kijana ni Mluhya wa Kakamega, kikao kimekwisha hapo hapo, hata kama ulikuwa unaulizia maji ya kunywa.

Hatua ya 4: Sentensi ya kwanza

Iandike na uifanyie mazoezi kwa sauti. Kwa mfano: "Mama, ndugu yangu, asanteni kwa kuja. Jumanne kitabu kilisema mifuko 140, tukapata 134. Nataka ikifika saa kumi tuwe tumekubaliana mzigo utatokaje stoo kuanzia kesho." Usianze na sifa halafu "lakini", kila mtu hungojea hiyo lakini na sifa zote hupotea.

Hatua ya 5: Kusikiliza na kurudia

Kila mmoja aseme dakika 5 bila kukatizwa. Kisha mwenzake arudie alichosikia mpaka msemaji aseme, "Ndivyo." Hatua hii huudhi, na ndiyo wasimamizi wengi huiruka. Kijana atajaribu kupinda: "Anasema mimi ni mwizi." Mrudishe taratibu: "Amesema mzigo ulitoka bila karatasi. Rudia hilo."

Jihadhari na "sawa". Kijana mbele ya mama wa rika la mzazi wake anaweza kuitikia kwa heshima tu, moyoni amekataa. Usimuulize kama amekubali. Mwambie aeleze, hatua moja moja, atafanya nini kesho saa tatu mteja wa kwanza akiingia. Akibabaika, hakuna makubaliano bado.

Hasira ikipanda, pumzikeni dakika 10, chai iletwe. Msiongee habari hiyo kwenye chai.

Hatua ya 6: Kutoka anachodai hadi anachohitaji

Mama anadai kijana asikanyage stoo. Muulize, "Asipoingia, wewe utapata nini?" Jibu litakuwa kwamba hataki kulipishwa mifuko ambayo hakuitoa. Kijana anadai ufunguo wake mwenyewe. Ukimuuliza vivyo hivyo, kumbe anataka mteja asingoje zaidi ya dakika 10. Madai yanagongana, mahitaji hayagongani.

Sasa nipe nikupe, na kila pendekezo libebe "ikiwa": ikiwa risiti itafika stoo kabla ya mkokoteni, mzigo utatoka ndani ya dakika 10.

Usikate katikati kwa kuwaambia walipe mifuko mitatu mitatu. Inaonekana haki, kumbe umemwadhibu asiyekosa na umeikaribia sheria vibaya: kifungu cha 19 cha Sheria hiyo ya Ajira kinaruhusu kumkata mfanyakazi kiasi cha haki kwa mali iliyopotea ikiwa alikosa kwa kusudi, na makato yote kwa pamoja hayapaswi kupita theluthi mbili za mshahara.

Hatua ya 7: Nusu ukurasa

Nani, nini, lini, na ikishindikana itakuwaje. "Hakuna mfuko unaotoka bila risiti yenye sahihi mbili. Saa kumi na moja jioni, wote wawili wanahesabu simiti pamoja." Watatu mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Usiiweke kwenye faili la maonyo. Ukiiweka, hakuna atakayetia sahihi tena dukani kwako.

Wasipoelewana, amua wewe, na ujue kabla ya kikao utaamua nini. Wakiona uamuzi wako haukubaliki, wana chama chao, ofisi ya kazi ya kaunti, na hatimaye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo husikiliza kesi Kisumu na Nakuru pia. Kesi hula muda na pesa kuliko mifuko 6.

Hatua ya 8: Baada ya siku 14

Kaeni tena dakika 15, mkiwa na kitabu cha hesabu ya jioni. Ikiwa wanahesabu pamoja na bado mifuko inapungua, waache hao wawili. Nenda kahesabu lori linaposhusha.