Kabla hamjarudi kwenye joto la Maskati: kwa ndugu mnaokuja likizo Tabora

Shule za Oman zikishafungwa mwezi Juni, nyumba yetu hapa Kanyenye inageuka stendi. Anakuja mdogo wangu na wanawe, anakuja shangazi, wanakuja mabinamu ambao mara ya mwisho niliwaona wakibebwa mgongoni. Nafasi ipo na nawapenda wote. Lakini katika miaka ya kuwapokea na kuwasindikiza nimeona makosa yaleyale yakijirudia, na moja nusura lituondolee mtoto. Kwa hiyo someni haya kabla ya kukata tiketi, si mkiwa uwanja wa ndege mizigo imeshapimwa.

Hati kwanza. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele yake, na msisahau za watoto. Kadi ya ukaazi iangalieni kama itakuwa hai siku ya kurudi, maana wengi huangalia siku ya kuondoka tu. Cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi. Tangu 2016 kinatambulika maisha yote, hakifi tena baada ya miaka 10, ila kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Chanjo ya jana yake haikufai kitu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa iacheni hukohuko, Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019.

Njooni na masweta. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai mtoto aliyezaliwa Maskati anatetemeka hadi meno yanagongana. Na wanaoniuliza maembe Julai, jamani, miembe yetu hii maarufu huzaa mvua zikishaanza, kuelekea mwisho wa mwaka.

Njiani, treni ya umeme tangu 2024 inawafikisha Dodoma kutoka Dar kwa saa chache, kisha ni basi kupitia Manyoni na Itigi. Mkiwa na mzee, laleni Dodoma. Treni ya zamani ya reli ya kati ina raha yake, kilomita takriban 840 za vituo na wauza mihogo, lakini wakati wa kurudi msiitegemee kuwafikisha siku ya ndege. Fikeni Dar siku mbili kabla.

Zawadi. Asali iwe kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo, kifuniko kizungushiwe utepe wa gundi, iingie mfuko mwingine, ikae kwenye begi kubwa katikati ya nguo. Begi la mkononi haliruhusu kimiminika cha zaidi ya mililita 100, na mlinzi wa uwanja hatajali kwamba asali ni ya Sikonge na ameirina baba yako mdogo. Matobolwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga zilizokaangwa ndizo zawadi za akili: nyepesi, hazivuji, hazinuki. Miche, mbegu na udongo msibebe.

Nyumba mnayoiacha kule nayo ina mambo yake. Funga gesi. Toa nyama kwenye friza kama mita haina mtu wa kuiangalia. Chomoa betri ya gari au acha funguo kwa jirani aliwashe, maana joto la kiangazi linaua betri. Usiache manukato ya kupuliza wala kiberiti cha gesi ndani ya gari. Na mkirudi, kumbukeni maji ya tangi la juu ya paa: mtu anafungua bomba la baridi amwogeshe mtoto, yanatoka ya kuunguza. Wenyeji huzima hita ya maji miezi hiyo na kuoga maji yaliyokaa ndani ya hita, kwa sababu hayapigwi na jua. Mimi hilo nilifundishwa na mdogo wangu baada ya mama kuungua mkono.

Ndiyo, kule nimeshafika. Nilimpeleka mama Julai, wala si kwa kupenda, ndiyo likizo tuliyopata. Nilitoka mlangoni saa nne usiku nikahisi kama nimeinamia sufuria ya wali iliyofunuliwa sasa hivi. Mwezi Juni 2018, katika mji wa Quriyat, pwani ileile ya Maskati, saa 24 nzima zilipita joto halijashuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku wake ulikuwa na joto kuliko mchana wetu wowote. Ndiyo maana serikali ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Kusini huko Salalah wana manyunyu yao ya kharifu na majani ya kijani, lakini ndugu zangu hawakai Salalah.

Sasa mtu wa Tabora atasema, sisi nasi tuna joto, Oktoba kabla ya mvua. Kweli tunalo. Ila angalia mtungi wa bibi pale kwenye kona. Mtungi unatoka jasho, hewa yetu kavu inalikausha, maji ndani yanapoa. Mwili unajipooza vivyo hivyo. Pwani ya Maskati hewa imeshiba unyevu, jasho linachuruzika halikauki, na jasho lisilokauka halipozi. Uweke mtungi kule Julai, maji yatabaki vuguvugu, na wewe pia.

Na mwili husahau. Mtu akikaa kwenye joto wiki moja hadi mbili anazoea: jasho linaanza mapema, linakuwa jingi, na halibebi chumvi nyingi kama mwanzo. Wiki chache za baridi yetu zinafuta mazoea hayo. Kwa hiyo hata ukiwa umeishi Oman miaka 20, ukirudi Agosti baada ya mwezi na nusu hapa, wiki ya kwanza wewe ni mgeni. Usiende sokoni mchana. Usianze mazoezi uliyoyaacha Juni. Kunywa maji kabla ya kiu, angalia mkojo. Ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Mtu akichanganyikiwa, akapepesuka, akaongea yasiyoeleweka huku ngozi inawaka, huyo si wa kupumzishwa kitandani: mwagieni maji, mpepeeni, barafu kwapani na shingoni, ita gari la wagonjwa. Panadol haiteremshi joto la namna hiyo. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Hayo mnayajua, au mnadhani mnayajua. Sasa sikilizeni lililonifanya niandike.

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na miaka tisa. Walikuja mwisho wa Juni, wakakaa hadi mwanzo wa Agosti. Kabla ya kuja, daktari wa kule aliwaandikia vidonge vya kuzuia malaria, kimoja kila siku, na akasema waendelee wiki nne baada ya kurudi. Hapa mama yake alivisimamia vizuri, kila jioni baada ya kula. Siku tano kabla ya ndege tulikuwa na arusi Isevya. Wanawake tulikuwa jikoni usiku kucha, watoto wakalala mkekani uani bila chandarua. Nilimfunika kanga kwa mkono wangu. Chandarua kilikuwepo ndani, hakikunijia akilini.

Walipofika Maskati vidonge vikawekwa juu ya friji. Huku mbu wa malaria yuko wapi, alisema mdogo wangu. Tena dawa ile hufanya ngozi iungue upesi juani, na kwa jua la kule uso wa mtoto ulikuwa umeanza kubabuka. Alimwonea huruma.

Siku ya 12 tangu wafike, mtoto akarudi kutoka kwenye mpira, kichwa kinauma, anatapika, anachemka. Nyumba nzima ikasema: joto. Hawakuwa wajinga. Ilikuwa Agosti, alikuwa nje, na ametoka kwenye baridi. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Wakamlaza kwenye kiyoyozi, wakampa ORS na Panadol. Homa ikashuka, asubuhi akakaa, akala. Wakasema, si mnaona. Usiku akaanza kutetemeka, wakapunguza kiyoyozi wakidhani chumba kimekuwa baridi mno. Siku ya tatu ya homa wakampeleka zahanati. Daktari akauliza ilianza lini, wakajibu baada ya kucheza juani. Hakuuliza kama wamesafiri, wala wao hawakusema. Akatundikiwa dripu, akarudishwa nyumbani.

Siku ya nne nilipiga simu ya kawaida tu ya kusalimia. Mdogo wangu akaniwekea mtoto. Akaniambia, kwa sauti nzito kama ya mlevi, "Mama mkubwa, naenda kuwafungia kuku." Kuku wako hapa kwangu. Alidhani bado yuko Kanyenye.

Nikamwambia mdogo wangu: ukate simu, mpeleke hospitali kubwa sasa hivi, na neno la kwanza mlangoni useme mtoto katoka Tabora. Hapa kwetu bibi yeyote angesema mpeleke akapimwe damu. Kule bibi yeyote angesema mtoe juani. Kwenye darubini wakaona malaria, imejaa. Sindano za malaria kali, siku sita kitandani. Akapona, Mungu ashukuriwe, na mwaka huu amekuja amenifikia begani.

Kwa hiyo shikeni haya kama mnavyoshika pasipoti. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu tangu mtoke Tabora, au Kigoma, au popote kwenye malaria, ni ya kupimwa damu siku hiyohiyo, hata kama nje ni nyuzi 45 na mtu alikuwa juani mchana kutwa. Msikae kubahatisha ni joto au ni malaria. Dalili zinafanana: kichwa, kichefuchefu, uchovu, mwili kuwaka. Panadol ikishusha homa haijathibitisha lolote. Kipimo cha kwanza kikisema hakuna na homa ikaendelea, rudieni kesho yake, na kesho kutwa.

Mwambieni daktari mlikotoka bila kusubiri kuulizwa, na mtaje tarehe. Mimi siku hizi nawaandikia karatasi, naiweka ndani ya pasipoti ya kila mtoto: amekaa Tabora tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani, sehemu yenye malaria.

Dawa ya kuzuia isikatishwe kwa sababu ndege imetua. Mbu akiuma, vijidudu vinakwenda kwanza kukaa kwenye ini, bila homa wala dalili, kwa siku saba au zaidi. Vikitoka kuingia kwenye damu, dawa inatakiwa iwe pale inavisubiri. Ndiyo maana aina nyingine huendelea siku saba baada ya kurudi, nyingine wiki nne. Ikisumbua ngozi au tumbo, rudi kwa daktari akubadilishie.

Na wewe uliyezaliwa hapahapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, ukaugua malaria utotoni mpaka ukaizoea, usijidanganye. Kinga ile hudumu kwa kuumwa na mbu mara kwa mara. Ukikaa Oman miaka mingi inapungua, na unarudi kwetu karibu sawa na mwanao. Kila mtu chini ya chandarua, kila usiku, arusi iwepo isiwepo. Kwenye msiba pia. Mimi sasa nikienda kwenye shughuli na watoto wa wageni nabeba vyandarua viwili kwenye kikapu, na anayetaka kusema ninajidai aseme.

Yaliyobaki ni madogo, lakini msiyapuuze. Mwenye kisukari abebe insulini begi la mkononi, isikae kwenye buti la basi wala kwenye gari lililopaki Maskati, na isigande. Mwenye dawa za presha za kukojosha amuulize daktari kuhusu maji kabla ya kurudi kwenye joto. Mtoto asiachwe garini hata dakika tano za kuingia dukani. Viatu vivaliwe hata kwenda kutoa takataka, lami inababua nyayo. Dawa za wazee zihesabiwe zizidi siku za safari kwa wiki mbili. Namba ya simu ya huku iandikwe kwenye karatasi, simu ikizima njiani mtakumbuka nini. Na mkifika nyumbani pigeni usiku huohuo, hata iwe saa tisa. Saa zetu ziko nyuma ya zenu saa moja tu, na sitakuwa nimelala.