Maandamano ukiwa na miaka sitini na kitu: kujipanga na kuandika bango linalosomeka

Wazee wenzangu, habari zenu. Mmeniuliza hii kitu sana kwa hivyo wacha niandike mara moja. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Nairobi, nina 67, na Juni 2024 wakati wa ule Mswada wa Fedha nilienda tauni mara mbili na bango.

Bango la kwanza lilikuwa aibu. Niliandika kama niko kwa ubao, sentensi ndefu na koma zake, na kalamu za rangi za mjukuu. Kijana mmoja pale Moi Avenue akaliangalia weee, akaniuliza, "Shosho, hiyo barua unapelekea nani?" Hata sijamjibu gari la maji likatupitia, wino wote ukashuka hadi kwa mkono wa sweta.

Hatua ya 1, maneno. Matano, yakizidi sana sita. Na usishindane na vijana kwa vichekesho, hapo watatushinda asubuhi na mapema. Andika kile wao hawawezi kuandika. Langu la pili lilisema NIMELIPA KODI MIAKA 36, na hilo ndilo watu walikuwa wanapiga nalo picha.

Hatua ya 2, kuliandika. Manila peke yake inakunjwa na upepo, ibandike na gundi juu ya katoni, omba dukani ile ya mafuta ya kupika. Maka peni iwe nyeusi, ncha nene, ile haifutiki na maji. Sasa usianze tu kuandika kutoka kushoto, utafika mwisho herufi zimebanana kama abiria wa jioni. Kunja manila upate katikati, chora mistari na penseli, hesabu herufi pamoja na nafasi, ile ya katikati ndiyo unaandika kwanza halafu unaenda kushoto na kulia. Herufi ya inchi moja inasomeka vizuri kwa futi kumi hivi, sasa piga hesabu ya mtu ako ng'ambo ya barabara. Mimi naweka herufi ndefu kama kiganja. Ukimaliza lisimamishe ukutani, toa miwani, rudi nyuma hadi mlangoni. Kama husomi, rudia.

Na usilipigilie kwa mti! Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha, na askari akiona mti mkononi ataona rungu, hatasoma karatasi iko juu. Toboa mashimo mawili, pitisha kamba, livae shingoni, mikono ibaki ya kushika mwenzako.

Hatua ya 3, mwili. Kunywa chai, beba dawa ya presha ya siku hiyo, maji, na karatasi yenye namba ya mtu wa nyumbani maanake simu inaweza kuanguka. Viatu vya kutembea, kwa sababu matatu zikikataa kuingia tauni utaenda nyumbani kwa miguu. Halafu choo. Hii hakuna mtu husema. Maduka yakifungwa vyoo navyo vinafungwa, kwa hivyo ukifika tu, kabla ya nyimbo, tafuta choo na ukitumie. Kama unameza zile dawa za kupunguza maji mwilini muulize daktari mapema utazimeza saa ngapi siku hiyo, usijiachishe mwenyewe.

Hatua ya 4, mahali pa kusimama. Pembeni, karibu na njia ya kutokea. Enda mapema, saa saba uwe umegeuka. Gesi ikirushwa usisugue macho, usipake mafuta usoni, elekea upande upepo unatoka, osha na maji safi mengi.

MASWALI

Swali (Nakuru): Mwalimu, mimi natembea na mkongojo, si wataniambia ni silaha?
Jibu: Beba ule wa hospitali wenye mpira chini, unajulikana. Lakini mzee wangu, kama huwezi kutembea haraka hata hatua hamsini, kaa na kundi lililo nyuma kabisa au usiende.

Swali (Mombasa): Nina pumu, daktari kanikataza mavumbi na moshi.
Jibu: Basi mama usiende, gesi haichagui. Andikia wengine mabango. Tena kifungu cha 119 kinakuruhusu kupeleka ombi Bungeni, kusanyeni sahihi mtaani mkiwa mmekaa.

Swali (Thika): Watoto wangu wamenikataza, ati nitawaaibisha.
Jibu: Hahaha. Februari 1992 nilikuwa na miaka 34, wakati kina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula pale Uhuru Park na Wangari Maathai. Polisi walipokuja kuwapiga, wengine wakavua nguo. Wakahamia kanisa la All Saints, na mwaka uliofuata wengi wa watoto wao wakaachiliwa. Wewe waambie utarudi ukiwa umevaa.

Swali (Kitui): Bango ukimaliza unalitupa?
Jibu: La miaka 36 liko nyuma ya kabati, ikifika siku nitavaa tena. Lile lililofutika nimewatandikia vifaranga.