Somo: Akaunti ikifungwa leo, unabaki na nini mkononi?

Msimu uliopita nilikuwa barazani kwangu Mikindani, nafunga korosho zilizobanguliwa kwenye vifuko vya kilo moja moja. Mteja wa Dodoma alikuwa ameshalipia kilo 20, na maelekezo ya kutuma mzigo alikuwa ameyaandika kwenye ukurasa wangu wa biashara. Nafungua nisome jina la basi alilotaka, nakuta mstari mmoja tu: akaunti imesimamishwa kwa kukiuka taratibu. Utaratibu gani, hawakusema. Miaka minne ya oda, picha na majina ya wateja ikabaki ndani, na mama wa watu huko Dodoma anahesabu siku akijua katapeliwa.

Kilichoniokoa ni meseji ya malipo. Ilikuwa na jina lake na namba yake, nikampigia usiku uleule.

Mkulima wa Tandahimba akipeleka magunia ghalani, anarudi na stakabadhi. Sisi tunapeleka wateja, picha na pesa zetu mtandaoni, tunarudi mikono mitupu. Stakabadhi hiyo inabidi tujiandikie wenyewe, na inaandikwa kabla ya kufungiwa.

Hatua ya 1: Jua nini kimening'inia wapi. Chukua karatasi, andika imeili yako juu, kisha shusha kila kinachoitegemea. Kwa wengi wetu akaunti moja ya Google imebeba picha, namba za watu, programu tulizonunua na hata nakala ya meseji za WhatsApp. Ikienda, vinaenda vyote. Mwaka 2022 magazeti ya Marekani yaliandika habari za baba mmoja wa San Francisco aliyempiga picha mwanawe mgonjwa ili daktari aione. Mashine ya Google ikaitafsiri vibaya, ikadhani ni picha ya unyanyasaji wa mtoto, akaunti ikafungwa. Polisi walichunguza na kuona hakuna kosa, lakini akaunti hakurudishiwa: imeili, picha za familia, hata namba yake ya simu aliyoipata kupitia kampuni hiyohiyo. Habari hii huwa inaniuma kila nikiisimulia.

Hatua ya 2: Toa nakala. Ingia Google Takeout, yaani sehemu ya Google ya kupakulia vitu vyako, chagua picha na namba za watu, omba nakala. Inaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku. Kiungo kikija kwenye imeili pakua mapema, maana baada ya wiki hivi kinakufa. Tumia bando la usiku, weka kwenye flashi. Facebook nayo ina sehemu ya kupakua taarifa zako kwenye mipangilio.

Wateja waandike kwenye daftari. Kweli, daftari la kalamu: jina, namba, alichonunua, basi anapopokelea. Langu lina jalada la bluu na linakaa juu ya kabati.

Hatua ya 3: Usiache pesa ndani. Salio la matangazo liweke la wiki, si la msimu mzima. Na ujue kwamba kitabu au filamu uliyolipia mtandaoni mara nyingi umepewa ruhusa ya kuitumia tu, hujainunua. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu ndani ya vifaa vya wateja waliokwisha kulipa. Pesa walirudishiwa, ila kitabu mtu alikuwa katikati ya kukisoma.

Hatua ya 4: Ukishafungiwa. Piga skrinishoti ya ujumbe kabla hujabonyeza chochote. Kata rufaa palepale ndani ya programu, kwa maneno machache: wewe nani, unauza nini, unaomba waangalie upya. Facebook hutoa siku 180, usizile zote. Usikimbilie kufungua akaunti nyingine, inaweza kuonekana unakwepa adhabu. Na yule anayekuja kukwambia "nipe elfu hamsini nikufungulie, nina mtu ndani" ni mwizi. Akikuomba na tarakimu za uthibitisho, ndiyo kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi nauza dagaa Lindi mjini, natumia GB WhatsApp kwa sababu inaonyesha meseji zilizofutwa. Nayo ina hatari?

Marahaba mwanangu. Ndiyo, kubwa. WhatsApp wanaifungia namba inayotumia programu ambayo si yao. Hamia WhatsApp Business, haina malipo ya kuipakua. Na usitume tangazo kwa mamia ya watu wasiokujua, wakikuripoti wengi unafungiwa vilevile.

Kaka, akaunti yangu nimeandika jina la duka, siyo langu. Wameniomba kitambulisho.

Hapo ndipo wengi tunakwama. Jina la akaunti na la kitambulisho cha NIDA yasipolingana, unathibitishaje? Akaunti iwe na jina lako, duka lifungulie ukurasa chini yake. Tarehe ya kuzaliwa nayo iwe ya kweli.

Hivi hatuna sheria? Mtu anafungiwa tu kama mbuzi?

Ipo ya kuanzia, dada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Inakupa haki ya kuomba taarifa zako kwa anayezishika, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kupata taarifa zako si sawa na kurudishiwa akaunti, usichanganye. Nchi za Umoja wa Ulaya wamefika mbali zaidi: sheria yao, iliyoanza kutumika kikamilifu 17 Februari 2024, inailazimisha mitandao itoe sababu na njia ya kulalamika. Natamani na sisi tupate hilo. Mfanyabiashara wa Newala naye anastahili kuambiwa kosa lake.

Simu yangu ilizama Kilwa, laini ikapotea. Akaunti zote zinatuma tarakimu kwenye laini ile.

Nenda leo duka la mtandao wako na NIDA, urudishiwe namba ileile. Laini ikikaa sana bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine, na tarakimu zako zitamfikia yeye. Ukishaipata, washa uthibitisho wa hatua mbili, pakua zile namba za akiba ambazo Google hutoa za kuingilia laini isipokuwepo, na uziandike kwenye daftari.