Popoli di Tessaglia ya Mozart: usianzie na ile G

Masoprano wengi wakiichukua aria hii (K. 316 kwenye orodha ya kazi za Mozart) wanakimbilia ile G iliyo juu kabisa ya C ya juu, inakuja mara mbili, basi mtu siku ya kwanza tu anakaa kwenye kinanda anaikaba huko juu, wiki ya pili koo limekauka na aria yenyewe bado haijui. Jamani msifanye hivo. Hata Malkia wa Usiku kwenye Die Zauberflöte, opera ya Mozart ya 1791, anaishia F, kwa hiyo hapa unapita mpaka wake.

Anza na maneno. Anayeimba ni Alceste, malkia, mumewe yuko kufani na yeye amesimama mbele ya raia wake. Mozart aliiandika kwa ajili ya soprano Aloysia Weber, alianza 1778 Paris akamalizia Munich Januari 1779, na mwaka huohuo wa 1778 alimwandikia barua kuhusu aria nyingine akimsisitiza afikirie maana ya maneno na ajione yeye ndo yule mwanamke. Ushauri huo mi naushika kuliko zoezi lolote.

Kwa hiyo resitativo, yaani ile sehemu ya mwanzo inayoimbwa kama mazungumzo, isome kwa sauti kama unaongea na watu, bila noti, siku kadhaa. Sisi tunaoongea Kiswahili irabu za Kitaliano hazitusumbui sana, kazi iko kwenye konsonanti mbilimbili, ile ss ya Tessaglia ikalie kidogo, halafu glia itamke kama lya, usitoe g kabisa.

Ukifika Io non chiedo, pale aria yenyewe inapoanza taratibu, obo na basuni (ala za kupuliza) zinajibizana na wewe, yaani mko watatu pale. Muombe mpiga kinanda akupigie mistari yao peke yake kwanza uijue, maana ukiijua hata pa kuvuta pumzi utapaona mwenyewe.

Allegro assai, ile sehemu ya haraka ya mwisho, ishushe toni mbili nzima, G inakuwa E flati. Metronomu weka 60, imba mbio zile taratibu, noti nnenne, kwa sauti ndogo, afu zirudie kwa stakato nyepesi, yaani noti fupi zilizokatwa, na ikishakaa bila kuvuta shingo ndo unapanda nusu toni, hata kama nusu toni moja inachukua wiki mbili iache ichukue. Ile noti ya juu iguse uondoke, usiilalie. Taya liachie, irabu yoyote huko juu iache ielekee a, mbavu zibaki wazi, na usiongeze nguvu kwa sababu ukiisukuma inafunga. Dakika 10 za sauti ya juu kwa siku zinatosha, na ukisikia koo linakwaruza funga kitabu siku hiyo.

Miezi ikipita na G bado inagoma usilazimishe, chukua Vorrei spiegarvi, K. 418 ya 1783, imeandikwa kwa mwimbaji huyohuyo, inaishia E na obo yake ni tamu sana.